Bukavu: Land Cruiser iliyoongezewa turbo ikichemsha, fundi aanzie wapi?

BUKAVU, KIVU KUSINI – Land Cruiser inapoanza kumeza maji kwenye mpando wa Ngomo, uamuzi wa kwanza gerejini mara nyingi ni mmoja: kichwa cha injini kishushwe. Huenda uamuzi huo ni sahihi. Lakini ukichukuliwa kabla ya kipimo chochote, mwenye gari analipia kazi ya siku kadhaa na gasketi mpya, anapoteza safari zake, halafu wiki mbili baadaye gari linachemsha tena mahali palepale.

Kazi huwa ngumu zaidi injini ikiwa si ile iliyotoka kiwandani. Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo Toyota ilianza kuziuza mwaka 1984, zimekuwa gari la kazi mashariki mwa Congo kwa miongo kadhaa. Nyingi zimefungwa injini ya dizeli ya 1HZ iliyotoka mwaka 1990: silinda 6 zilizopangwa mstari, ukubwa wa sentimita za ujazo 4,164, na hakuna turbo. Ni injini inayosifiwa kwa uvumilivu, si kwa mbio. Ndiyo maana, kuanzia Australia hadi Afrika, wenye magari wamekuwa wakiiongezea turbo ili ipande milima kwa kasi zaidi.

Siku turbo inapofungwa, kitabu cha kiwanda kinaacha kusema ukweli wote kuhusu gari hilo. Fundi anayelipokea likiwa bovu hupaswa kujibu maswali matatu kwa pamoja: je, kilichoharibika ni kifaa cha zamani, ni kifaa kilichoongezwa, au ni namna viwili hivyo vilivyokutanishwa?

Jibu lina uzito. Kutoka Bukavu hadi Kamituga, mji wa dhahabu katika wilaya ya Mwenga, ni takriban kilomita 180 za milima, na msimu wa mvua sehemu kubwa ya njia hugeuka tope. Gari la aina hii ndilo linalobeba mgonjwa, dawa, magunia ya unga na abiria. Uzito huo uliongezeka Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 na kuingia jijini siku mbili baadaye. Ndege zilipokoma, barabara ilibaki kuwa tegemeo la wengi.

Hewa ya mita 1,500

Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, msukumo wa hewa unapungua kwa takriban asilimia 17 ukilinganishwa na Mombasa au Dar es Salaam. Barabara inayopita Tshivanga, ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, inavuka mita 2,000, na hapo injini inakosa zaidi ya moja ya tano ya hewa yake.

Kwa injini isiyo na turbo, upungufu huo unaonekana mara moja. Pampu ya dizeli iliyopimwa kwa hali ya pwani, kama haina kifaa cha kuirekebisha kulingana na mwinuko, inaendelea kupeleka mafuta yaleyale huku hewa ikiwa pungufu. Dizeli, au mazutu kama wakazi wengi wa Bukavu wanavyoiita, haiungui yote. Moshi mweusi unatoka, nguvu inapungua, na dereva anakanyaga zaidi.

Mwinuko unagusa maji pia. Bukavu maji ya sufuria huchemka kwa takriban nyuzi 95, si 100. Ndani ya rejeta iliyofungwa vizuri, mfuniko wenye springi huzuia maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110, kwa sababu yanabanwa. Springi ikilegea au mpira wa mfuniko ukikatika, kinga hiyo inaondoka. Injini nzima kabisa, inayofanya kazi kwenye nyuzi 95 mlimani, itatoa mvuke kana kwamba gasketi imekufa. Mfuniko wa rejeta ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa kwenye gari, na ndicho kitu cha kwanza kubadilishwa au kupimwa.

Turbo inaleta nini

Turbo inasukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Kwa kuwa hewa imeongezeka, fundi anaweza kufungulia pampu ili dizeli iongezeke pia, na nguvu inapatikana. Kwa Bukavu hilo lina mantiki, maana turbo inarudisha hewa ambayo mlima umeinyang'anya injini.

Shida inaanza dizeli inapozidi hewa. Katika injini ya petroli, mchanganyiko wenye petroli kidogo mno ndio unaopandisha joto hadi kutoboa pistoni. Kwenye dizeli ni kinyume: kadiri mafuta yanavyozidi, ndivyo joto la moshi linavyopanda. Mafundi wengi wa turbo huweka mpaka wa nyuzi 700 hivi kwa moshi unaoingia kwenye turbo, na hawataki injini ikae hapo kwa muda mrefu. Mpando mrefu, gari likiwa na mzigo, unaweza kuvuka mpaka huo kwa dakika chache, na sindano ya joto la maji kwenye dashibodi isioneshe lolote.

1HZ ina udhaifu wake mahususi. Dizeli haipulizwi moja kwa moja juu ya pistoni, bali ndani ya kijichumba kilicho katika kichwa cha injini. Mwako unaanzia humo na kutoka kupitia tundu jembamba. Chuma kilicho kati ya kijichumba hicho na valvu hupata joto kali, na ndipo nyufa za 1HZ zilizozidishiwa turbo na mafuta huonekana zaidi.

Toyota yenyewe, ilipotaka turbo kwenye injini ya ukubwa uleule, haikuichukua tu 1HZ na kuifunga turbo. Ilitengeneza 1HD-T, yenye kichwa tofauti, pistoni tofauti na dizeli inayopulizwa moja kwa moja. Mgandamizo ulishushwa pia: 1HZ inabana hewa kwa zaidi ya 22 kwa 1, ilhali 1HD-T ni chini ya 19 kwa 1. Hiyo haimaanishi kwamba turbo kwenye 1HZ ni kosa. Inamaanisha kwamba nafasi ya kukosea ni ndogo.

Maswali kabla ya spana

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Ni mazungumzo. Nani alifunga turbo, na lini? Pampu iliguswa? Gari lilianza kuchemsha ghafla au kidogokidogo? Linachemsha likipanda polepole kwa gia ndogo, likienda kasi, au hata likiwa limesimama? Maji yanapungua bila kuonekana yakidondoka? Kuna wakati liliwahi kuendeshwa likiwa limeishiwa maji?

Kila jibu linaelekeza mahali. Gari linalopata joto likipanda polepole lakini likipoa kwenye tambarare ya Ruzizi huenda feni yake haivuti vizuri. Linalopata joto kila linapobeba mzigo kwa kasi huenda rejeta imeziba, jambo la kawaida pale ambapo injini imejazwa maji matupu kwa miaka mingi na kutu imejikusanya. Linalopoteza nusu lita kila siku bila tone chini ya gari linapeleka maji hayo ndani ya injini.

Kuna dereva anayeficha. Hataki kusema kwamba pampu ilifunguliwa na jirani, au kwamba aliendesha kilomita kumi sindano ikiwa kwenye nyekundu kwa sababu abiria walikuwa wamelipa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa injini kifo hicho hulipiwa mara mbili.

Swali jingine linahusu thamostati. Mafundi wengi huitoa gari linapochemsha, wakiamini maji yatazunguka kwa uhuru. Katika injini nyingi za Toyota kifaa hicho kina kazi ya pili: kikifunguka, kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kikitolewa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Gari lililotolewa thamostati "ili lisichemshe" linaweza kuchemsha kwa sababu hiyo hiyo.

Yanachemka au yanasukumwa?

Baada ya mazungumzo, uchunguzi wote unakuja kwenye swali moja: maji yanatoka kwa sababu yanachemka, au yanatoka kwa sababu kuna gesi inayoyasukuma?

Njia rahisi ya kujua ni asubuhi, injini ikiwa imelala usiku mzima na imepoa kabisa. Mfuniko wa rejeta unafunguliwa, maji yanajazwa hadi juu, injini inawashwa. Katika dakika ya kwanza maji hayajapata joto, kwa hiyo hayawezi kuchemka. Mapovu yakianza kupanda mfululizo wakati huo, hayo si mvuke. Ni gesi ya mwako inayotoka ndani ya silinda na kuingia kwenye njia ya maji. Bomba la juu la rejeta likiwa gumu kama jiwe injini ikiwa bado baridi, ni ushahidi wa pili. Kosa la kuepuka ni kufungua mfuniko huo injini ikiwa ya moto: maji yaliyobanwa kwa zaidi ya nyuzi 100 hulipuka usoni.

Asubuhi isiyo na mapovu haimalizi kesi. Ufa mdogo unaweza kujifunga chuma kikiwa baridi na kufunguka kikipata joto na mzigo. Hapo milima ya Bukavu inakuwa chombo cha kazi. Bomba dogo linalotoka kwenye mfuniko wa rejeta linaingizwa kwenye chupa ya plastiki yenye maji, gari linapandishwa likiwa na mzigo, kisha linasimamishwa mahali salama na chupa inaangaliwa. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka kila mafuta yanapokanyagwa, yanaelekeza kwenye gasketi au ufa. Maji yanayopanda kidogo na kutulia ni upanuzi wa kawaida wa joto.

Moshi nao unasomwa. Mweusi ni dizeli iliyozidi hewa, na kwenye gari la turbo unaweza kumaanisha bomba la hewa lililochomoka kati ya turbo na injini. Wa buluu ni oili, iwe kutoka kwenye ringi au kwenye turbo iliyochakaa. Mweupe unaowasha macho ni dizeli isiyoungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, huku maji yakipungua, ni maji yanayoingia kwenye mwako.

Silinda kwa silinda

Fundi akishajua kwamba gesi inavuja, anahitaji kujua inavuja wapi kabla ya kufungua. Injini ikinguruma bila mpangilio, mabomba ya nozeli hulegezwa moja baada ya jingine injini ikiwa inazunguka taratibu. Silinda nzima ikinyimwa dizeli, mngurumo unashuka. Silinda mbovu ikinyimwa, hakuna kinachobadilika. Nozeli ya silinda hiyo inahamishiwa kwa jirani: tatizo likihama nayo, nozeli ndiyo mbovu, likibaki, silinda ndiyo mbovu. Kazi hii hufanywa kwa kitambaa na macho yakiwa yamekingwa, kwani dizeli yenye msukumo wa pampu hutoboa ngozi.

Kinachofuata ni kupima kompresheni kwa geji ya dizeli, kupitia matundu ya plagi za kupasha moto. Hapa mwinuko unaweza kumdanganya fundi. Namba za kitabu zilipimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Injini nzima ikipimwa Bukavu itasoma chini kwa zaidi ya asilimia 15, silinda zote sita. Anayefuata kitabu neno kwa neno anaweza kuihukumu injini isiyo na kosa na kumshauri mteja anunue nyingine.

Kipimo cha haki ni kulinganisha silinda zenyewe kwa zenyewe, betri ikiwa na chaji na kila moja ikizungushwa mara sawa. Zote zikiwa chini kwa kiwango kimoja, mwinuko, betri dhaifu au uchakavu wa jumla vinatosha kueleza. Mbili zilizo jirani zikiwa chini kuliko nyingine, gasketi kati yao inashukiwa. Moja pekee ikiwa chini, orodha ni valvu, ringi, pistoni au ufa.

Orodha hiyo inapunguzwa na chombo ambacho hakikosekani mtaani: kompresa ya kujazia matairi. Pistoni inaletwa juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, kranki inazuiwa isizunguke, na hewa inaingizwa kupitia tundu la plagi kwa kiungo ambacho fundi anaweza kukichonga kutoka kwenye plagi iliyokufa. Kisha anasikiliza. Hewa ikitokea bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikirudi upande wa kichujio cha hewa, ni valvu ya kuingizia. Ikipumua kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi au pistoni. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi au ufa.

Kwa gari lenye turbo, bado kuna ukaguzi mmoja. Kichujio cha oili kinakatwa na karatasi yake kukunjuliwa juani. Chembe zinazong'aa ni beringi zinazoisha. Kwa wanaoleta 1HD-T iliyotumika badala ya kuongezea turbo 1HZ, hili ni la lazima, kwa sababu injini hizo za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa beringi za kranki zinazochakaa mapema.

Kichwa kikishashuka

Vipimo vikielekeza kwenye kichwa, sasa kina sababu ya kushushwa. Katika gereji za Bukavu, ambako ufundi huzungumzwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, kichwa huitwa culasse, na gasketi yake joint de culasse. Kubadilisha joint pekee, bila kupima culasse, ndiko kunakorudisha gari gerejini baada ya wiki mbili.

Kwanza ni unyoofu. Rula ya chuma iliyonyooka inawekwa juu ya uso wa kichwa, kwa urefu na kwa mishazari, na vipande vyembamba vya kupimia nafasi vinapitishwa chini yake. Kichwa kilichopinda kinahitaji mashine, si gundi.

Pili ni nyufa. Pasipo na dawa ya rangi ya kuonesha nyufa, njia ya zamani bado inafanya kazi: uso unasafishwa, unapakwa mafuta ya taa, unaachwa kidogo, unafutwa hadi ukauke, kisha unapakwa vumbi la chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hurudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Macho yaelekezwe zaidi kati ya valvu na kijichumba cha mwako.

Tatu, gasketi ya zamani isitupwe. Mahali ilipoungua panaonesha silinda gani ilivuja na kuelekea wapi, na panapaswa kukubaliana na vipimo vya mwanzo. Visipokubaliana, kuna kosa la pili ambalo halijapatikana.

Funzo la Supra

Mfano unaojulikana sana wa uchunguzi wa aina hii unatoka kwenye gari la mbio. Toyota Supra ya kizazi cha 1986 hadi 1993, yenye injini ya petroli ya lita 3 na turbo ya kiwandani inayoitwa 7M-GTE, ilipata sifa mbaya ya kuunguza gasketi za kichwa. Wenye magari walioongeza presha ya turbo walilaumiwa kwa kulazimisha injini. Lakini hata magari yasiyoguswa yaliunguza gasketi. Mafundi wengi wa Supra walikuja kukubaliana kwamba chanzo kikuu ni bolti za kichwa kukazwa kwa nguvu ndogo tangu kiwandani. Turbo iliyoongezwa presha ilifunua udhaifu uliokuwepo tayari.

Kwa 1HZ hali ni tofauti: mara nyingi ni joto la dizeli iliyozidishwa ndilo linalozaa ufa. Magari mawili yana dalili moja, yaani maji yanayosukumwa nje, na vyanzo viwili visivyofanana. Aliyebadilisha gasketi ya Supra bila kukaza bolti ipasavyo alirudia kazi. Anayebadilisha kichwa cha 1HZ bila kurudisha pampu kwenye kipimo naye atairudia.

Kabla ya kurudi Kamituga

Matengenezo yanakamilika chanzo kinapoondolewa. Bolti zikazwe kwa spana yenye kipimo na kwa mpangilio wa kiwanda, si kwa nguvu za mkono. Pampu irekebishwe hadi moshi mweusi ukome kwenye mpando. Mabomba ya hewa ya turbo yakaguliwe, rejeta isafishwe, thamostati irudishwe, na maji yachanganywe na dawa ya kuzuia kutu.

Kisha gari lirudi mlimani likiwa na chupa ileile ya plastiki, kabla ya kubeba abiria. Likipanda bila mapovu, mwenye gari aondoke na mambo mawili: daftari lenye tarehe na kila kilichobadilishwa, ili fundi anayefuata asianze gizani, na geji ya joto la moshi iliyofungwa mbele ya macho ya dereva. Bei ya geji hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kichwa kipya, na inamwambia dereva aachie mafuta na kushusha gia dakika kadhaa kabla rejeta haijaanza kulalamika.